Crown Iliyoumwa Baridi Tanga

Kwa miezi saba nilijisifu kwamba gari langu, Toyota Crown, halichemshi. Mshale wa joto haukufika hata katikati. Jua la Februari likiwaka, wenzangu wamefungua boneti kando ya barabara ya Muheza wakimwagia rejeta maji ya chupa, mimi nilipita nimefunga vioo, kiyoyozi kinavuma, mshale wangu umelala chini kama paka wa dukani. Nilidhani hiyo ndiyo afya ya gari. Kumbe ule mshale uliolala ndio uliokuwa ukinimaliza.

Gari lenyewe ni Crown Athlete ya mwaka 2006, injini ya V6, cc 2,500. Nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa mmiliki wa tatu tangu literemke melini, na bei aliyoniachia ilikuwa nafuu kiasi cha kunitia wasiwasi. Nilipoketi kwenye kile kiti wasiwasi ukaisha. Jina la Crown ni la zamani, Toyota wanalitumia tangu mwaka 1955, na maana yake ni taji. Ukiwa ndani huisikii barabara, na ukizima redio unasikia saa yako ya mkononi. Nilipolifikisha nyumbani Sahare, mjomba wangu alilizunguka mara mbili, akagonga tairi kwa fimbo yake, akasema, "Mpwa wangu, umeoa binti wa mfalme. Mahari umeshalipa. Sasa tuone kama utaweza kumlisha."

Tanga ni mji wa baiskeli. Ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na imepewa namba badala ya majina, na mtu anaweza kuzunguka mjini siku nzima bila kupanda kilima hata kimoja. Katika mji kama huu gari la silinda sita ni kama mtu aliyevaa suti kwenda kuchota maji. Kazini kwangu, karibu na bandari, ni kilomita nne na ushei kutoka nyumbani. Shule ya watoto iko Chumbageni, njia ile ile. Mama yuko Muheza, kilomita kama 35. Na mara moja kwa mwezi naenda Dar es Salaam kwa shughuli za kikazi. Basi, hiyo ndiyo dunia yote ya gari langu.

Mwezi wa kwanza sikuhesabu. Mwezi wa pili mhudumu wa sheli alianza kuniita bosi kwa sauti ambayo haikuwa na heshima ndani yake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na sisi wa Tanga tuna safu yetu kwenye jedwali kwa kuwa mafuta hushushwa pia bandarini kwetu, kama yanavyoshushwa Dar es Salaam na Mtwara. Kipindi hicho lita ilikuwa imevuka shilingi 3,000. Nilianza kuisubiri Jumatano ile kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Hatimaye nikanunua daftari. Kama kuna mtu anasoma hapa huku gari lake linabwia mafuta, aanzie kwenye daftari kabla ya kwenda kwa fundi yeyote. Unajaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, unarudisha tripu kwenye sifuri, unatembea mizunguko yako ya kawaida. Ukirudi, unajaza tena kwenye pampu ile ile hadi ijikate, unaandika lita, unagawanya kilomita kwa lita. Usiutazame mshale wa tangi, huo ni mwanasiasa. Na usitosheke na kipimo kimoja, fanya angalau vitatu. Changu cha kwanza: kilomita 222, lita 38.2. Kilomita 5.8 kwa lita! Cha pili kikaja 5.7, cha tatu 5.9. Kwa kipimo cha Kijapani cha wakati ule gari hili lilihesabiwa kama kilomita 12 kwa lita. Najua kipimo cha maabara ni cha maabara, hakina watoto wa shule wala matuta. Lakini nusu?

Nikaanza kuuliza watu, na hapo ndipo kila mtu akageuka fundi. Jirani alisema petroli ya asubuhi ni nzito kuliko ya mchana. Shemeji yangu alisema niweke gia ya frii kila nikishuka mteremko. Nitarudi kwake. Fundi mmoja wa Dar es Salaam, ambaye gereji yake siitaji, aliniambia nitoe masega kwenye ekzosi ili gari "lipumue", na kwa wema wake angeyanunua yeye mwenyewe, hapo hapo, kwa fedha taslimu. Kwa wasiojua, masega ni lile bonge lenye vitundu kama vya nyuki linalosafisha moshi, na ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali kuliko mengi unayoyafahamu. Masega yakiwa hayajaziba, kuyatoa hakukupunguzii mafuta. Kunapunguza umaskini wa fundi.

Halafu kuna yule kijana wa stendi ya Kange mwenye sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli. Alikuwa na maneno matamu: sumaku inazipanga molekuli za mafuta mstari mmoja kama wanafunzi kwenye gwaride, ziungue zote. Shilingi 25,000 kwa jozi. Nilinunua. Naam, nilinunua. Nikafunga, nikajaza tangi, nikatembea, nikagawanya: 5.8. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limeshavichunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, sumaku na vidonge na vijifeni vya kuzungushia hewa, na halikupata hata kimoja kinachookoa mafuta kwa kiasi cha maana. Zile sumaku sasa zinashikilia orodha ya manunuzi kwenye friji yetu, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nazo.

Nikabadilisha plagi. Nikaosha nozeli. Nikaweka kichujio kipya cha hewa, ingawa kwa injini za kisasa zenye kompyuta kichujio kichafu kinakula nguvu zaidi kuliko kinavyokula mafuta, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli ya kiasi hicho. Daftari likasema 5.9. Nilikuwa nimeshatumia karibu shilingi 400,000 ili kupata mita mia moja.

Kilichonifungua macho ni kifaa kidogo cha OBD, cha kusomea kompyuta ya gari, kipana kama kiberiti, kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu bila waya. Nilikinunua ili nisome kama kuna sensa mbovu. Hakuna taa iliyokuwa imewaka kwenye dashibodi, lakini sensa ya oksijeni ikichoka hula mafuta kimya kimya, na Wizara ya Nishati ya Marekani imeandika kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuongeza kilomita kwa lita kwa hadi asilimia 40. Sensa zangu zilikuwa nzima. Ila kulikuwa na namba moja niliyoitazama mara mbili: joto la maji ya injini. Nilikuwa nimetoka Sahare, nimepita mjini, nimefika Pongwe, dakika zaidi ya 20. Nyuzi 64. Nikaongeza mwendo ili injini ifanye kazi. Badala ya kupanda, ikashuka hadi 59.

Nikampelekea namba hizo mzee mmoja fundi wa Makorora. Nilikuwa nikimkwepa kwa sababu gereji yake ni mwembe na kreti mbili za soda, na mimi na Crown yangu tulijiona tunahitaji sehemu yenye sakafu ya vigae. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Hakuitazama simu. Aliniambia niliache gari lipoe hadi alasiri, kisha niliwashe. Likiwa limewaka dakika mbili tatu, alishika mpira wa rejeta kwa kiganja chote, kama daktari anayeshika paji la uso la mtoto. Akanyamaza. Akashika tena.

"Mwanangu," akasema, "gari lako linaumwa baridi."

"Baridi, mzee? Tanga hii?"

"Tanga hii hii. Maji yanakimbilia kwenye rejeta kabla hata hayajapata joto. Leta spana ya kumi."

Akafungua kifuniko ambacho themostati hukaa ndani yake. Hakukuwa na kitu. Nyumba ipo, mwenyewe hayupo. Mtu, sijui fundi wa mmiliki yupi kati ya watatu, aliing'oa akairudisha kofia yake na kufunga kwa silikoni. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, maana badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, walikuwa wakijaza maji ya bomba, na bomba la Tanga nalo lina mambo yake.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kitu hiki kidogo nimekipenda kuliko kiti cha ngozi.

Themostati ni mlango wa maji. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake hadi yapate moto. Yakifikia nyuzi kama 82 mlango unaanza kufunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta kupoa. Haufunguliwi na umeme wala kompyuta. Ndani ya kile kikopo cha shaba mna kipande cha nta. Nta ikiyeyuka inavimba, ikivimba inasukuma pini, pini inafungua mlango. Ikipoa inasinyaa, springi inaufunga. Basi. Gari lina kompyuta kadhaa, kamera ya nyuma, na viti vinavyojisogeza, na uhai wa injini yake umewekwa mikononi mwa nta, kitu ambacho bibi yangu alikuwa akipaka uzi wa kushonea.

Kwa nini mafundi wetu wanaing'oa? Nilitaka kuwalaani wote, mzee akanizuia. Alianza kazi wakati wa Bedford na Land Rover, enzi ambazo lori lilipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, likiwa na mzigo, kona juu ya kona. Themostati ikigoma kufunguka katikati ya mlima ule, maji yanachemka, silinda hedi inapinda, na spea iko Dar es Salaam kama ipo. Ukiing'oa, unashuka salama na unalala nyumbani. Injini zile zilikuwa za kabureta, hazikuwa na kompyuta ya kuuliza maji yana nyuzi ngapi, na hakuna aliyekuwa akigawanya kilomita kwa lita kwa nukta. Kwa hiyo fundi alimfundisha mwenzake, naye akamfundisha mwanafunzi wake, na amri ikabaki baada ya mlima kusahaulika: gari likija Afrika, toa themostati.

Kwenye injini ya leo amri hiyo ni hasara. Mnaokumbuka magari ya choki mtaelewa upesi: asubuhi unavuta choki ili injini baridi ipewe petroli nyingi, ikipata moto unairudisha. Kompyuta ya Crown inafanya vivyo hivyo, ila inategemea sensa ya joto la maji kujua lini irudishe. Maji yakibaki nyuzi 60, yenyewe inaamini bado ni alfajiri. Nilikuwa nimetembea miezi saba choki ikiwa imevutwa. Juu ya hilo, giaboksi nyingi za otomatiki husubiri injini ipate joto ndipo zifunge klachi ya ndani inayoiunganisha injini na magurudumu moja kwa moja. Kabla ya hapo nguvu inapitia kwenye oili na sehemu yake inapotea. Oili ya injini nayo ikiwa baridi ni nzito. Na lililonishangaza zaidi, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huwa inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia ile inabaki wazi, na siku ukipanda mlima na mzigo sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Yaani kitu kilichong'olewa ili gari lisichemke kinaweza kulichemsha.

Wakati tunasubiri spea nilikuwa nikiwaza habari ya Chongoleani, rasi ile ya upande wa kaskazini ambako bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linakuja kuishia baada ya kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda, hayatembei. Kwa hiyo bomba zima limetengenezwa liwe la kupashwa joto, mafuta yakae kwenye nyuzi kama 50 njia nzima hadi baharini. Mji wangu unapokea bomba linaloumwa baridi, na mimi nimekaa chini ya mwembe Makorora nasubiri kipande cha nta kwa sababu gari langu linaumwa ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Nilimweleza mzee. Akasema, "Nta ni nta."

Themostati ilipatikana Barabara ya Nane, mtumba, imetolewa kwenye injini iliyokatwa. Mzee hakuikubali hivi hivi. Akataka sufuria, maji, jiko la mkaa na kipimajoto. Kipimajoto nilikuwa nacho, cha kupimia maziwa ya mtoto, kinafika nyuzi 110. Sufuria nikaiomba nyumbani. Mke wangu alidhani tunapika chai.

Kama hujawahi kuona, fanya hata kwa gari zima. Unaining'iniza themostati kwa uzi ndani ya maji isiguse chini. Nyuzi 60, kimya. Nyuzi 70, kimya. Tulikuwa watu watano tumeinama kwenye jiko, pamoja na kijana wa bodaboda aliyekuja kukaza mnyororo. Nyuzi 78, mzee akasema tupunguze mkaa ipande polepole. Kwenye 81 ukingo ukaanza kuachana na kiti chake, ufa mwembamba kama unywele. Kwenye 84 ilikuwa inafunguka mbele ya macho yetu, taratibu, kama chaza anayesikia maji yamejaa. Kijana wa bodaboda akasema, "Loh, inaishi." Tukaitoa, ikapoa, ikajifunga. Tukairudisha, ikarudia. Hapo mzee akaipokea.

Tulifunga, tukasuuza mfumo wa maji mara tatu, tukaweka kulanti. Kesho yake asubuhi nilitoka Sahare na simu imesimama kwenye dashibodi. Dakika ya saba namba ikasoma 83, ikapanda hadi 88, ikakaa hapo. Mshale wa joto, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, ulisimama katikati. Nikiri kwamba niliogopa. Nilizoea kuuona umelala.

Daftari: kilomita 229, lita 31.5. Ni 7.3 kwa lita.

Labda kwako si kitu, lakini hesabu za kilomita kwa lita zina ujanja. Kutoka 5.8 kwenda 7.3 ni kuokoa lita tatu na nusu katika kila kilomita 100. Mwenye Vitz akitoka 15 akafika 18, na watu wakampigia makofi, ameokoa lita moja na kidogo. Gari lenye kiu ndilo lenye cha kurudisha, kwa hiyo wenye magari makubwa wakiambiwa "ulijua unanunua nini" wasikate tamaa.

Mengine yalikuja kwa wepesi. Siku moja nilirudi kutoka Muheza, nikashuka, nikapita nyuma ya gari nikasikia joto mguuni. Rimu ya nyuma kulia ilikuwa haishikiki, za upande mwingine vuguvugu tu. Breki ilikuwa inashika bila kukanyagwa, pini za kalipa zimekauka na kushika kutu. Tunakaa jirani na bahari, chumvi haina likizo. Mzee alizitoa, akazisugua, akaweka grisi ya breki, nusu saa. Tangu siku hiyo kila nikitoka safari nazunguka gari kama mjomba, na kuzipima rimu nne kwa mgongo wa mkono. Haigharimu kitu.

Tairi: kijana wa pancha alikuwa akinijazia kwa jicho, na jicho lake lilikuwa linapenda 26. Kibandiko cha mlangoni kinasema 230 kwa kipimo cha Kijapani cha kPa, ambayo ni kama 33 kwa geji zetu. Nimenunua geji yangu. Tofauti yake kwenye mafuta ni ndogo, asilimia moja au mbili, lakini tairi zilikuwa zinaliwa pembeni na zenyewe ndizo bei. Oili nayo nilikuta wameweka 20W-50, nzito kama uji wa harusi, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Kitabu kinataka 5W-30. Injini hii imetengenezwa na njia nyembamba, na joto la ndani yake ni lile lile Tanga au Tokyo, ndiyo kazi ya ile nta. Nimerudisha 5W-30.

Kwenye kifuniko cha tangi pameandikwa kwa Kijapani kwamba linataka petroli ya premium. Oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Kwa viwango vya kwao petroli ya kawaida huanzia oktani 89 na premium 96, na injini hii inabana hewa mara 12, kwa hiyo haikuandikwa kwa mapambo. Ukiipa oktani ya chini, sensa inayosikia injini ikigonga inaifanya kompyuta icheleweshe cheche ili injini ijilinde, na nguvu kidogo inapotea. Mimi najaza kilichopo, ila nimeacha kukanyaga kwa hasira ikiwa kwenye mzunguko wa chini.

Baada ya hayo yote mjini ikawa 7.9. Ikagoma hapo.

Barabara kuu ilikuwa hadithi tofauti, na huko fundi mbaya nilikuwa mimi. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Safari ya kwanza niliyoipima nilikwenda kama watu wanavyokwenda na Crown: Segera, Kabuku, Mkata, Mbwewe, kila kilipoisha kibao cha 50 nakanyaga hadi 110, 120, na kila kilipotokea kibao kingine, au tochi ya askari ya kupimia mwendo, nakanyaga breki. Lita 38.5. Ni 9.1 kwa lita. Safari iliyofuata niliweka 90 na kuikataa tamaa. Upinzani wa upepo unakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 90 kwenda 110 unaongezeka kwa karibu nusu. Nikiona kibao cha 50 kwa mbali naachia mguu mapema, gari likiwa kwenye gia, linateleza lenyewe. Hapo nimjibu shemeji. Injini yenye kompyuta ukiachia mguu ikiwa kwenye gia na mwendo umo, inakata petroli kabisa, tone halitoki. Ukiweka frii, lazima injini iendelee kula ili isizimike. Kwa hiyo frii ya mteremkoni inakula mafuta zaidi, na inakunyang'anya breki ya injini mahali ambapo unaihitaji. Mteremko wa Wami nimeona magari yaliyoshuka frii yakiwa chini ya bonde. Shemeji amesema atafikiria.

Safari ile ilitumia lita 29.2, kilomita 12 kwa lita, kile kile walichokiandika Wajapani. Nilichelewa dakika 25. Mwenye basi moja alinipita mara mbili, maana aliposimamishwa na askari mimi nilimpita bila haraka.

Basi nikarudi kwenye ile 7.9 ya mjini, nikaikalia usiku mmoja na simu yangu. Injini inachukua dakika saba kupata moto. Safari yangu ya kazini ni dakika kumi. Hata ikiwa na themostati, hata ikiwa na oili nyembamba na tairi 33, zaidi ya nusu ya safari yangu gari ni mgonjwa wa baridi, na likipona nimefika. Jioni vivyo hivyo. Nikimsubiri mtoto nje ya shule na kiyoyozi kinavuma, kifaa kinaonyesha karibu lita moja kwa saa, nimesimama. Hakuna spea ya Barabara ya Nane inayotibu hilo. Mji ni mfupi.

Nikatoa baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba iliyokuwa stoo, nikaweka mipira mipya. Siku za kwanza watu wa Sahare walidhani nimeuza gari kwa madeni, na mmoja akaniletea pole kabisa, ana kwa ana, amevua kofia. Siku tatu kwa wiki sasa naenda kazini kwa baiskeli, na watoto wanakwenda na bajaji ya jirani ambaye anapita kule kule. Crown inakaa chini ya mkungu, inatoka kwenda Muheza, inatoka kwenda Dar es Salaam, na mara moja mjomba aliiomba kwa ajili ya kumpeleka bibi harusi, akarudi ananukia udi na kusema sasa binti wa mfalme anakula kama watu.

Sufuria haikurudi jikoni. Mke wangu alisema chombo kilichochemshiwa chuma cha mtu asiyejulikana hakitaingia tena kwenye wali wake, na amenunua nyingine kwa fedha yangu. Ile ya kwanza iko Makorora. Wiki iliyopita nilipita pale na baiskeli nikawakuta wameinama tena kwenye jiko la mkaa, mzee, yule kijana wa bodaboda, na mwenye Noah moja anayetetemesha mguu kwa wasiwasi, na kipimajoto cha mwanangu kimefika 79.